Mjomba, Kipa Wetu ni Shemeji Yangu na Goli Zinaingia Katikati Yetu

BARUA

Mjomba, mulembe.

Mi ni mtu wa boda hapa Busia, upande wetu wa Uganda, steji yetu iko mwendo mfupi tu kutoka Sofia, na Jumapili nacheza namba tano, beki wa kati, kwa timu ya steji, tena ndio kapteni. Safu yako nasoma kitambo kwa simu nikingoja abiria ila sijawahi kuandika, leo naandika juu hata usingizi umenitoka.

Tuko kwa ligi ya steji za boda, timu nane, kila mtu anakutana na kila mtu mara moja, wa kwanza anachukua ng'ombe dume. Ng'ombe mwenyewe anafungwa kwa mti nyuma ya kiwanja kila Jumapili, ukienda kuokota mpira anakuangalia. Tumecheza mechi tatu. Ya kwanza tuliongoza moja ikaisha moja moja. Ya pili tuliongoza mbili bila, nikaanza hata kuhesabu nyama, ikaisha mbili mbili. Ya tatu tukaongoza moja tukapigwa mbili. Goli tano, na hakuna hata moja imeingia kabla ya dakika ya 70. Yani tuna pointi mbili na tungekuwa na tisa.

Nikuambie venye ziliingia. Ile ya mechi ya kwanza kipa wetu alikuwa amedaka mpira, akaulalia, akaukumbatia, si unajua tunaongoza, sa refa akainua mkono akaanza kuhesabu na vidole, sisi tukadhani anasalimia watu, mara akapuliza akawapa kona. Kona! Na mpira kipa ameshika na mikono yake! Ikapigwa, kichwa, ndani. Tukasema refa amekula pesa. Mechi ya pili goli moja ilitoka kwa mpira wa kurusha, straika wao amesimama nyuma yetu peke yake kama mtu anangoja taksi, tukainua mikono sote wanne kwamba ameotea, tukabaki tumeinua hivyo mpaka mpira ukaingia kwa nyavu na filimbi hakuna. Hizo tatu zingine zinafanana kama watoto wa mama mmoja, mpira mrefu ama krosi inakuja, inaanguka kati yangu na kipa, mi namuangalia kipa, kipa ananiangalia, straika anapita katikati yetu anagusa kidogo tu. Ya mwisho hata ilitoka kwa kona yetu wenyewe, tulipanda watu wote tutafute ya pili, wakapiga mrefu, nikarudi mbio nikafika na nikasimama kumuangalia kipa.

Sasa shida yenyewe iko hapa. Kipa ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, na mahari sijamaliza. Tulikubaliana ng'ombe nne, nimepeleka tatu, ya nne wananingojea kwa upole lakini wananingojea. Nikikutana naye kwa njia nashuka kwa pikipiki ndio nimsalimie. Mtu kama huyo dakika ya 75 nitamfokea vipi ati toka uchukue mpira? Na ye pia ni mtu mpole, hanifokei, tukifungwa anaenda tu kutoa mpira kwa nyavu anapangusa na jezi ananirudishia. Mikono yake ni mizuri Mjomba, mechi ya pili alidaka penalti, si kupangua, kudaka.

Vijana wanataka tumtoe, tuweke kijana mmoja anaosha pikipiki hapo steji, hajawahi kudaka lakini ni mrefu. Na kuna mmoja ameleta habari ya mzee fulani ati anaweza kulifunga goli letu lisionekane na wapinzani, tumeambiwa tuchange elfu tano tano, tuko kumi na nane. Mi nimeshatoa yangu, usinicheke.

Sa Mjomba, nimtoe shemeji? Nikimtoa, nyumbani nitaongea nini. Nikimuacha, ng'ombe anaenda. Na Jumapili tunacheza na hao wanaoongoza, wako na winga wa kushoto anakimbia kama ameiba. Nisaidie.

Namba Tano, Busia

JIBU

Namba Tano mpwa wangu,

Kucheka nimecheka, siwezi kukudanganya, hapo kwa refa kusalimia watu nilishusha chai. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu manake mi mwenyewe nilicheza beki miaka kumi na moja na najua hiyo sura ya kuokota mpira kwa nyavu wakati tayari ulishaanza kuhesabu nyama.

Shemeji haendi popote. Mtu anadaka penalti unamtoa uweke mrefu? Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, hakuna mtu Busia nzima wa kulijaza hata mkimuweka na dada yake. Huyo kijana muache aoshe pikipiki, ama mumfundishe polepole awe kipa wa akiba, lakini si kwa mechi ya Jumapili.

Tuanze na goli mbili rahisi, zile za sheria, manake hizo mlijifunga wenyewe kwa kutojua. Refa wenu hakula kitu. Kuanzia Julai 2025 sheria ilibadilika, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane wapinzani wanapewa kona, tena kona ya upande ule kipa amesimama karibu nao. Zamani ilikuwa sekunde sita na adhabu ni frikiki ya kupasiana, marefa wengi walikuwa wanaogopa kuitoa, ndio makipa wakazoea kulala na mpira kama mtoto mchanga. Siku hizi refa anainua mkono na zile tano za mwisho anazihesabu na vidole kila mtu aone. Kwa hiyo ukiona mkono umepanda mwambie shemeji auachilie. Mbinu iko, akishadaka aamke, atembee mpaka pembeni mwa boksi, auteremshe chini acheze na miguu, hapo hesabu imekwisha, ila akishauteremsha hawezi kuushika tena mpaka mtu mwingine auguse, na straika anaruhusiwa kumfuata. Mwambie hiyo mapema, isije ikazaa shida nyingine.

Ya mpira wa kurusha ni hivi, kwa mpira wa kurusha hakuna kuotea. Kwa kona hakuna, kwa goli kiki hakuna. Straika anaweza kukaa mgongoni mwa kipa wako anakula rolex, ile chapati ya mayai, akirushiwa moja kwa moja ni halali. Sasa wewe umeinua mkono na mkono haukabi mtu. Kwanza hiyo tabia ya kuinua mkono uiache hata pale mtu ameotea kweli, juu ukiinua mkono miguu inasimama, nimeiona mara mia. Kimbia, filimbi ikilia utaisikia tu.

Sasa hizo tatu. Wewe unaandika kama shida ni kipa, vijana wanaona shida ni urefu, na huyo mwenye mzee wa elfu tano anaona shida ni goli kuonekana. Mi nimeona kitu kimoja, kwa barua yote hiyo ndefu hakuna mahali hata pamoja mtu ameongea ndani ya boksi. Mi namuangalia, ye ananiangalia. Mpwa wangu, mpira uko hewani, unaweza kuchukua sekunde mbili kufika, na nyinyi wawili mnafanya adabu ya ukweni! Wewe unamuachia kwa heshima, ye anakuachia kwa upole, na yule straika hajaoa kwenu hana heshima ya mtu.

Unafikiri ukimfokea unamvunjia heshima. Sawa, usimfokee, mwite. Ni vitu viwili tofauti kabisa na mtu yeyote amecheza anajua, kelele ya kumlaumu mtu inakuja baada ya goli, ile ya kumwita inakuja kabla. Na anayepaswa kuanza si wewe, ni yeye, kipa ndio anaona kiwanja chote, sisi wengine tunaona nusu. Kwa hiyo leo jioni nenda kwake, shuka kwa pikipiki kama kawaida, msalimie vizuri, alafu mwambie hivi: shemeji, naomba Jumapili unipigie kelele. Hapo wewe ndio unaomba, na ombi la shemeji kwa shemeji ni ngumu kukataa. Akikubali mmemaliza nusu ya kazi.

Maneno yawe machache, mafupi, na yawe ya timu nzima. Kipa akitaka mpira aseme "Kipa!", mara moja, kwa nguvu, mapema, mpira ukiwa bado juu. Asiseme "yangu" manake wako kumi na mmoja hapo kila mtu ana yake, na refa akiona umepiga kelele ya kumchanganya mpinzani anaweza kukupa kadi. Akisema Kipa, wewe huugusi hata ukiwa kwa kichwa chako, unageuka unamzuia straika asimfikie, bila kumshika. Asiposema kitu ni wako, basi, hakuna kuangaliana, na ukiupiga upige juu na kando, usiutoe kwa kichwa katikati ya boksi, hapo ndio namba nane wao anangoja. Alafu kuna "Toka!", hiyo kipa anasema mkishaondoa mpira, na wote mnakimbia mbele mtoke kwa boksi. Wengi mkishaondoa mpira mnasimama kushika kiuno. Straika wao anabaki na nyinyi hapo mbele ya goli, mpira ukirudishwa mmemfanyia kazi yeye.

Na mkubaliane mipaka. Kila mpira unaoanguka ndani ya boksi ndogo, ile ya mita 5.5, ni wa kipa, akose asikose ni wake. Kutoka hapo mpaka pale kwa penalti ni wa yule ameita kwanza. Nje ya hapo ni wako.

Lakini nikuulize, hiyo mipira mirefu inapata wapi hiyo nafasi ya kuanguka? Manake nafasi kati ya beki na kipa haiji yenyewe, mmeiacha nyinyi. Mkiongoza nafikiri mnafanya kama timu nyingi za kwetu, mabeki wanaogopa wanarudi nyuma, viungo wanataka goli lingine wanapanda mbele, katikati panabaki kiwanja cha ndege. Yule mwenye mpira hakuna anayemsumbua, anainua kichwa, anachagua, anapiga. Goli linazuiwa pale, kwa huyo anayepiga, kabla hata halijakuwa krosi. Namba sita wako, yule kiungo anayewakinga mabeki, awe hatua kumi mbele yako, si ishirini, na mtu wa karibu na mpira amfikie mpigaji hata kama hataupata, amfanye tu ainamishe macho. Wewe kazi yako ni kumsoma. Akiwa amegeuka anaangalia goli lake mwenyewe, panda hatua tano pamoja na mstari wako wote. Akiinamisha kichwa na kuvuta mguu nyuma, hapo mpira mrefu unakuja, rudi hatua tatu kabla hajapiga. Hizo hatua tatu ndio tofauti ya wewe kuupiga kwa kichwa ukiangalia mbele na wewe kumkimbiza straika ukiona namba ya mgongo wake.

Unakumbuka Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, wakitafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2018? Kundi lilikuwa na Misri, Ghana na Congo Brazzaville. Mechi sita, walifungwa goli mbili tu. Mbili! Ghana hawakupata kitu kwetu, nyumbani bila bila, kwao bila bila, na Misri tuliwapiga moja kwa uwanja wetu wa Namboole Agosti 2017, goli la Okwi. Onyango alikuwa golini ndio, kipa mkubwa, lakini kipa mkubwa peke yake hafanyi Ghana watoke kapa mara mbili, ni timu nzima ilikuwa imebana. (Shida yetu ilikuwa tulifunga tatu tu mechi zote sita, Misri wakaenda Urusi sisi tukabaki na hesabu nzuri. Hiyo waulize mastraika, mi ni beki.)

Sasa huyo winga anayekimbia kama ameiba. Kawaida ningekuambia namba mbili wako, beki wa kulia, amsukume kwa laini, kwa laini hakuna goli. Lakini nyinyi krosi ndio inawaua, kwa hiyo Jumapili dakika kumi za kwanza muangalieni anatumia mguu gani. Kama ni wa kushoto tu, namba mbili asimame upande wa laini amfungie hiyo njia, alazimike kuingia ndani na ule mguu wake mbovu, na namba sita wako amngoje pale. Kama anatumia yote miwili basi mpelekeni kwa laini mvumilie. Na namba mbili asijitupe! Amkimbilie mpaka karibu, hatua mbili za mwisho apunguze, apige magoti kidogo, asimame upandeupande, aangalie mpira, asiangalie kiuno wala macho manake hivyo vinadanganya. Mtu wa mbio anafurahi sana ukimrukia, ukisimama hivyo ukirudi naye polepole anaanza kufikiri, na mtu wa mbio akianza kufikiri wenzako wanapata muda wa kurudi.

Halafu hiyo dakika ya 70. Hapa sitaki kusikia habari ya uchawi, nyinyi ni watu wa boda. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri, amekaa kwa pikipiki mpaka saa nane, amekula posho, yani ugali, na maharagwe saa nane na nusu akashiba, saa tisa mpira. Dakika ya 70 miguu iko wapi? Jumapili pikipiki zilale kuanzia saa nne, pesa ya asubuhi inatosha, chakula kizito kiishe saa sita, na maji mnywe kidogo kidogo tangu asubuhi, si jerikeni nzima wakati wa mapumziko. Na mkiongoza dakika ya 65 sabu ya kwanza iwe ya kiungo ama winga, mtu mwenye pumzi wa kumfikia yule mpigaji niliyekuambia. Kwa kona zenu mkiongoza wabaki watatu nyuma, wewe ukiwa mmoja. Najua unapenda kupanda na kichwa chako, baki.

Hata wakubwa wanaponzwa na dakika hizo. AFCON, Kombe la Afrika, ya 2017 kule Gabon tulikuwa bila bila na Misri mpaka dakika ya 89, Abdallah El Said akatufunga, nilikuwa kwa kibanda watu wote walinyamaza hata mwenye kibanda akasahau kudai pesa ya soda. Na CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za nyumbani Afrika, ya Agosti 2025 sisi ndio tulifaidi, Afrika Kusini walikuwa wanatuongoza tatu moja Namboole, tukarudisha na penalti mbili za dakika za mwisho ikawa tatu tatu. Beki amechoka anachelewa nusu hatua, akichelewa nusu hatua anagusa mtu, na refa yuko karibu. Kwa hiyo ndani ya boksi mkichoka msinyooshe miguu, simameni kati ya mtu na goli, mikono nyuma ya mgongo.

Elfu tisini za mzee, kama bado hazijatoka nje ya steji zirudishe. Nunua mpira mmoja mzuri na maji. Zikiwa zimeshaenda, basi zimeenda, usimfuate, una mechi.

Jumamosi jioni nendeni kiwanjani nyinyi wawili na shemeji, na mtu mmoja wa kupiga krosi, awe huyo muosha pikipiki apate kazi. Krosi arobaini, ishirini kila upande. Kila moja lazima mmoja wenu apige kelele kabla haijaanguka, mkinyamaza wote inarudiwa haihesabiwi. Kumi za kwanza mtaona haya, mtacheka, yeye atasema Kipa kama mtu anaomba chumvi. Endeleeni. Ikifika ishirini atakuwa anakupigia kelele mpaka watu wa barabarani wanageuka, na wewe usijibu "ndio shemeji", we geuka tu umzuie straika.

Ile ng'ombe ya nne peleka kwa Senga, shangazi anayeandika ukurasa unaofuata, mi mahari siijui. Ila usimwambie shemeji kwamba unapigia hesabu fungu lako la huyo dume kulipa deni, angalau si kabla ya Jumapili. Jumatatu niandikie mmefungwa ngapi.

Mjomba Namba Nne